Madoli ya Malindi: la duka, la mitumba au la leso?

Mwenye haraka na asome hapa tu. Kwa mtoto wa kike wa miaka minne hadi tisa, doli la kitambaa linaloshonwa na mafundi wa hapa Malindi linalishinda la plastiki la madukani, mradi ulikague shingo, macho na rangi ya nguo kabla hujatoa pesa. La mitumba linafuata, ukijua kuchagua. La mkiani ni lile jembamba lenye nywele za dhahabu na viatu ambavyo vitapotea kabla ya Ijumaa.

Hukumu hii haikutokana na uimara peke yake. Doli huja na maisha yake. Umbo, nguo na hadithi iliyofungwa nalo humwonyesha mtoto kuwa msichana ni mtu wa kufanya nini. Ukimpa kitoto kichanga, yeye anakuwa mama. Ukimpa mwanamke aliyejiremba, anakuwa msusi na mvishaji. Doli la msichana wa rika lake, la kukaa naye jamvini, kumpeleka chuoni kusoma Kurani, kumgombeza na kupatana naye, ndilo adimu kuliko yote, na ndilo kipimo tulichotumia hapa.

La plastiki limejaa, kuanzia maduka ya sokoni hadi Barabara ya Lamu. Mengi ni mwigo wa Barbie, doli la sentimita 29 hivi ambalo kampuni ya Mattel ililizindua New York mwezi Machi 1959 likiwa na sura ya mwanamitindo kijana. Barbie mwenyewe amebadilika: alivaa suti ya mwanaanga mwaka 1965, mwaka 1980 likatoka doli jeusi lililoitwa Barbie badala ya kuwa rafiki yake tu, na mwaka 2016 yakaongezwa maumbo matatu, nene, refu na fupi. Mwigo unaofika kwetu haujasikia habari hizo. Kiuno ni kilekile cha nyigu, na unyayo ni uleule uliokunjwa kwa ajili ya kiatu cha kisigino, kiasi kwamba doli likivuliwa viatu haliwezi kusimama.

Lishike mkononi. Kiwiliwili ni kitupu ndani. Ukikibonyeza kwa gumba kinabonyea na kurudi kwa mlio. Mguu umechomekwa kwenye tundu la nyonga kwa kirungu kidogo cha duara. Ukichomoka na kurudishwa mara kadhaa, tundu hupanuka na mguu haushiki tena. Hilo linatengenezeka: toboa virungu vyote viwili kwa sindano iliyopashwa moto, pitisha mpira mwembamba wa nguo kutoka nyonga moja hadi nyingine, kaza, funga fundo. Sasa geukia utosini, upanue nywele kwa vidole. Zimepandwa mistari miwili ya kuzunguka kichwa na mmoja wa kati. Penginepo ni upara mtupu. Ndiyo maana dukani limefungwa mkia mmoja. Mtoto akitaka kulisuka twende kilioni, upara wote unaonekana, na nyuzi zenyewe, zikichanwa kwa nguvu, hung'oka kwa mafungu.

Ubaya mkubwa lakini uko kwenye goti. Halikunji. Doli lisilokunja goti haliketi. Lisiloketi halili sinia moja na wenzake, halisomi, halipandi tuktuk, haliwi abiria wa mashua ya maboksi. Limebakiwa na kazi mbili, kuvishwa na kuchanwa, na nywele zikishaharibika imebaki moja. Watu huzungumza sana juu ya sura ya doli, kumbe viungo vyake ndivyo vinavyoamua mchezo.

Kuna ushahidi kuwa mchezo huo hauishii kwenye doli. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa wasichana wa miaka mitano hadi minane vitabu vya picha. Waliotazama picha za Barbie waliridhika na miili yao kidogo kuliko waliotazama doli lenye mwili mpana au picha zisizo na doli kabisa. Mwingine wa Marekani, wa mwaka 2014, uliwapa wasichana 37 wa miaka minne hadi saba doli la kuchezea kwa dakika chache, kisha wakaulizwa juu ya kazi kumi: ipi wataiweza wao wakikua, na ipi wavulana wataiweza. Waliocheza na Barbie walijihesabia kazi chache kuliko walizowahesabia wavulana, na Barbie aliyevaa koti la daktari hakuleta nafuu yoyote kuliko yule wa mitindo. Wasichana 37 ni wachache, na dakika chache si utoto mzima. Hata hivyo jambo la koti la daktari linafaa kukumbukwa na kila mzazi anayelipia zaidi kwa sababu doli lina stethoskopu. Mwili ni uleule, goti ni lilelile, na hakuna aliyemwambia mtoto daktari huyo anamtibu nani.

Kuhusu kiuno: hapa Malindi bibi wengi wa Kigiriama walijifunga hando, sketi nene ya mikunjo mingi, makusudi nyonga zijae. Mjukuu anayepewa nyigu wa plastiki anapewa kipimo ambacho hakuna mwanamke wa nyumbani kwao aliyewahi kukitafuta. Na rangi? Madoli ya kahawia yapo, lakini mengi yametoka kwenye kalibu ileile, pua ileile, yakabadilishwa rangi tu. Si jambo dogo. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto Weusi wa Marekani madoli manne yaliyotofautiana rangi peke yake. Wengi walilichagua jeupe kuwa ndilo zuri, na kazi yao ikatajwa katika kesi ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za serikali. Ukiona rafu nzima ya dukani ni nyeupe, mwulize mwenye duka madoli ya kahawia. Wauzaji huagiza kinachoulizwa.

Usalama kwa ufupi. Plastiki laini inayonata mkononi na kunuka kali inatoa kilainishi chake, na joto la hapa huzidisha. Usimpe mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa vilainishi kadhaa vya aina hiyo katika vitu vya kuchezea, lakini doli lisilo na jina la kiwanda huwezi kujua lina kiasi gani. Kiatu, kitana au kifungo kinachopita kwenye kigogo cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Doli linaloimba ligeuze mgongo: kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu, liache hapohapo. Betri ndogo ya mviringo ikimezwa huanza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Tuingie mitumba, maana huko kuna mali. Katika marobota ya vitu vya watoto hutokea doli kubwa la sentimita 46, kichwa na viungo vya plastiki nzito, kiwiliwili cha kitambaa. Umbo hilo lilipata umaarufu kupitia madoli ya American Girl, yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1986 na Pleasant Rowland. Rowland aliona madukani kuna vitoto vichanga na wanamitindo, hakuna msichana wa kawaida. Akatengeneza madoli ya wasichana wa miaka tisa hivi, kila mmoja wa enzi yake katika historia, kila mmoja na vitabu sita: wa kumtambulisha, wa shule, wa sikukuu, wa siku ya kuzaliwa, wa majira ya joto na wa mabadiliko. Mwaka 1993 alitoka Addy, msichana anayetoroka utumwa pamoja na mama yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, shingoni ana ganda moja la kauri. Hapo ndipo utaona doli linaweza kubeba nini likipewa maisha: mtoto anayecheza na Addy anacheza safari, hofu, kujifunza kusoma. Ila pongezi zisizidi. Doli jipya la aina hiyo ni zaidi ya dola 100, na karibu kila tukio la kitabu lina kitanda, gauni au kikapu kinachouzwa pembeni. Msichana jasiri, lakini mwenye orodha ndefu ya manunuzi. Mattel iliinunua kampuni hiyo mwaka 1998.

Linalofika Malindi limekwisha kupoteza vitabu na mara nyingi nguo pia, na huenda si American Girl bali mwenzake wa bei nafuu. Haidhuru. Lisimamishe mezani: likisimama bila kushikwa, mipira ya ndani ya nyonga bado ina nguvu, likianguka na miguu ikilegea kama kamba, itabidi mipira ibadilishwe. Tikisa kichwa. Kikicheza, tafuta uzi wa shingo nyuma ya mgongo, ukaze na kuufunga upya. Macho ya kufumba yalaze na kuyainua. Yakikwama, au ukaona duara la kutu, hewa ya bahari imeshaingia kwenye chuma chake. Doli la macho hayo kamwe usilizamishe majini. Kiwiliwili cha kitambaa nacho kifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha jua kali. Ukikiloweka, ndani hakikauki na ukungu unaota.

Alama za kalamu usoni hazitoki kwa sabuni, na asetoni itaondoa nyusi na midomo kabla ya kuondoa wino. Nunua duka la dawa krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10. Paka juu ya wino tu, usiguse sehemu zilizopakwa rangi, weka juani saa tatu au nne, futa, tazama, rudia kesho yake. Doli la kahawia lijaribiwe kwanza chini ya unyayo, kwa sababu krimu hiyo inaweza kupausha. Nywele zilizosokotana: chukua nyuzi chache za kisogoni uzichovye kwenye maji yaliyotoka kuchemka. Zikijikunja kama zimeungua, acha, osha kwa maji baridi tu. Zikilainika, mimina maji hayo juu ya nywele zote ukiwa umefunika macho kwa taulo, tia kilainishi cha nguo, kisha chana kwa kitana chenye meno mapana kuanzia nchani kupanda juu. Kuanzia juu ndiko kunakozing'oa.

Kwa familia inayotaka doli la Kiislamu, lipo Fulla, lililotoka Syria mwaka 2003, lenye abaya na mtandio wa kutokea nje na nguo za nyumbani. Wazo la nguo mbili ni zuri sana, tutalirudia. Kifua kimepunguzwa, lakini kiunzi bado ni cha mwanamitindo. Nigeria nako, tangu mwaka 2007, Taofick Okoya ametengeneza Queens of Africa kwa sura za Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba. Nguo ni za kupendeza, kiuno bado chembamba.

Sasa la kitambaa. Fundi anayejua kazi huanza na poplini ya kahawia, na robo mita inatosha doli la sentimita 40. Mshono uwe mara mbili, hatua fupi ya milimita 2, ukiacha kitambaa cha milimita 6 pembeni, na mikunjo ya shingo na katikati ya miguu ichanjwe kwa ncha ya mkasi kabla ya kugeuza. Isipochanjwa, shingo inajikunyata na miguu inapinda. Kujaza huchukua gramu 150 hadi 200 za pamba ya mito. Sufi ni nyepesi na inapendeza ikiwa mpya, lakini ikifuliwa huganda mabonge. Vipande vya sponji ndivyo vya kuepuka: baada ya miezi kadhaa husagika na kuwa unga, na doli hupungua kama puto. Bonyeza tumbo, ukisikia chembechembe, ni sponji.

Ugonjwa wa madoli haya ni shingo. Mtoto hulishika hapo, pamba inakimbilia kichwani na kifuani, kichwa kinalala begani. Fundi asiposhauriwa hutia kijiti, ambacho siku moja kitatoboa. Mwambie akunje kipande cha kitambaa cha kaki kiwe msokoto mgumu wa unene wa kidole gumba, urefu sentimita 9, akiingize nusu kichwani nusu kifuani, ajaze pamba kukizunguka. Goti nalo linahitaji mshono mmoja tu wa kukatiza mguu katikati kabla ya kujaza sehemu ya juu. Mshono huo wa sekunde chache ndio unaolifanya likae, na ajabu ni kwamba wengi wanauruka.

Tatizo la pili si la ushonaji. Madoli mengi ya leso yanashonwa yakimlenga mgeni wa hotelini, na mgeni anauziwa mwanamke. Utakuta mama mwenye mtungi, mama mwenye mtoto mgongoni, bibi arusi, au buibui lenye macho mawili tu. Ukitaka kuona kasoro yenyewe, jaribu kumtua mzigo. Hautuliki, umeshonewa kichwani. Mtoto naye ameshonewa mgongoni. Kwa rafu ya sebuleni ni pambo zuri. Kwa msichana wa miaka sita ni mtu asiyepumzika kamwe, na msichana hana mchezo wowote anaoweza kuucheza naye. Agiza mtungi wa kuvua na mtoto wa kufungwa kwa mbeleko, kipande cha leso cha sentimita 15 kwa 45. Hapo mzigo unakuwa kazi inayoanza na kumalizika, na mtoto anaweza kuachiwa baba.

Si kwamba madoli yasiyo ya kuchezea ni mapya kwetu. Wazaramo wa upande wa Dar es Salaam walikuwa na mwana hiti, kinyago cha mti kilichochongwa bila mikono wala miguu, mwali akikitunza wakati wa kuwekwa ndani. Kilikuwa na kazi yake, kumwandaa kuwa mama, na watu wazima waliokizunguka walikuwa na maneno ya kukieleza. Doli la kitalii limechukua umbo la mwanamke mzima bila maneno.

Kumgeuza mwanamke kuwa msichana ni suala la vipimo. Mtu mzima kichwa chake ni kama moja ya saba ya urefu. Wa miaka minane kiache kikaribie moja ya tano, yaani sentimita 8 kwa doli la 40. Macho yawekwe chini kidogo ya nusu ya uso, mdomo mdogo, kiwiliwili kinyooke bila kiuno. Macho yadariziwe kwa uzi, yasiwe shanga wala vifungo ikiwa nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu. Nywele za uzi mweusi wa kufuma zishonwe kwa mshono wa kurudi nyuma kwenye njia na kuzunguka kichwa, halafu kisogo kijazwe, ili zisukike na kufumuliwa.

Nguo: leso moja ya sentimita 150 kwa 110 inatoa magauni manne yenye pindo kamili chini, kila moja la 30 kwa 70, mawili kila upande mrefu. Kilichobaki katikati ni mitandio, mbeleko na mkoba wa chuoni. Leso mpya nyekundu ifuliwe mpaka maji yatoke meupe ndipo ikatwe. Kujaribu, bana kona iliyolowa ndani ya kitambaa cheupe. Ikiacha doa, itamchafua doli mwili mzima. Buibui lake liwe la kuvaa na kuvua, lifungwe kwa vibanio vya kubonyeza, na ndani yake awe na gauni la nyumbani na sare ya shule. Mtoto atajifunza mwenyewe lini huvaliwa nini, na kwamba ndani ya buibui mna mtu mwenye shughuli.

Kadi inayofungwa shingoni, ikiwepo, kwa kawaida humzungumzia mshonaji na jinsi pesa zitakavyomsaidia. Ni haki yake, lakini mtoto hana habari na hilo. Mwandikie doli kitabu chake. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu, ikachanwa katikati na kukunjuliwa kuwa kijitabu, inatoa kurasa nane. Mpango wa vitabu sita wa wale Wamarekani unafaa kuazimwa, enzi na mahali viwe vyetu: anaitwa nani na anakaa mtaa gani, Maweni au Muyeye, siku ya kwanza shuleni, Idi, kusi linapovuma na baba haendi baharini, anayemgombeza, kinachobadilika. Shida iwe yake na aitatue yeye, si kaka wala harusi. Ukurasa wa mwisho uache mtupu, kwa sababu mtoto aliyezoea paukwa pakawa hawezi kusubiri mwingine amalizie. Na usiweke maneno ya kumshusha hata kwa utani: mwaka 1992 Mattel ilitoa Barbie anayesema, na miongoni mwa sentensi zake 270 mlikuwa na moja ya kulalamika kuwa somo la hesabu ni gumu. Malalamiko yalikuwa makubwa mpaka sentensi ikaondolewa.

Ukienda kuagiza, nenda mapema. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani cherehani zote za mjini ziko kwenye nguo za Idi, na doli litashonwa usiku, kwa mshono mmoja. Beba kipimo cha urefu kilichoandikwa, kipande chako cha leso kilichokwisha kufuliwa, na msokoto wa kaki mkononi kama mfano. Lipa nusu. Ukirudi kulichukua, kabla ya kulipa nusu nyingine, likalishe kwenye ukingo wa meza, ulitikise kwa kulishika kichwani, na uvue kila nguo uone kama zinavulika.